Pumu Hutibiwa Lini? Mjadala wa Baraza Moja la Mji Mkongwe

Mtoto akiamka usiku kifua kinalia mluzi, kila nyumba ya Unguja ina jawabu lake. Wako wanaopalia makaa na kufukiza ubani. Wako wanaompaka mgonjwa mafuta ya habasoda kifuani na mgongoni. Wengine hugonga mlango wa duka la dawa kutafuta kidonge, wengine hukodi gari mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja. Kukicha, mtoto akishapata nafuu, kila mtu huisifu dawa yake, na nyumba hutulia mpaka mluzi urudi tena.

Mjadala huu unahusu kule kutulia. Swali lake ni moja: pumu hutibiwa lini? Ni usiku inapobana, au ni zile siku ambazo mtoto ni mzima, anakula, anacheza mpira, na hakuna anayekumbuka kwamba anaumwa?

Wasemaji sita wanaofuata ni wa kutungwa na hawakupewa majina, lakini hoja zao zinasikika katika mitaa ya Malindi, Mkunazini, Darajani na Ng'ambo, na tafiti wanazozitaja ni za kweli. Wamekaa barazani Malindi baada ya sala ya alasiri, kahawa imeshapita mara moja: Bibi mwenye nyumba, mkwewe ambaye ni mama wa mvulana wa miaka saba anayebanwa na kifua, Muuguzi aliyetumikia wodi ya watoto kwa miaka mingi, muuza dawa za asili mwenye duka Darajani, Maalim anayesomesha skuli asubuhi na chuoni jioni, na Fundi wa majumba ya kale.

Mluzi unasema nini

Bibi ndiye aliyefungua. "Hiyo ni baridi," alisema. "Mtoto kachezea mvua, kalala na unyevu, baridi imemkaa kifuani. Baridi hutolewa kwa joto, na sisi tumeitoa kwa moto na mafusho tangu enzi za mama zetu."

Muuguzi hakuanza kwa kumkatalia. "Bibi, mafua na hewa ya baridi kweli huamsha kifua. Hilo hata spitali tunalikubali. Lakini kinachoamsha si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwemo kabla ya mvua."

Akaeleza. Pumzi hupita katika koo la hewa, ambalo hugawika matawi mawili, kisha matawi madogo na madogo zaidi, mpaka vijia vyembamba ndani ya mapafu. Kwa mwenye pumu, kuta za vijia hivyo zina uvimbe usiokwisha hata siku anapojiona mzima. Akikutana na kichokozi, kiwe moshi, vumbi au mafua, misuli inayozunguka vijia hukaza, kuta huzidi kuvimba, na belghamu nzito hujaa. Hesabu yake ni kali: kijia kikipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa huongezeka mara 16. Hewa inayolazimishwa kupita hapo ndiyo inayopiga mluzi, hasa wakati wa kutoa pumzi.

"Basi mluzi hukwambia njia imebanwa," alisema. "Haukwambii nani kaibana."

Na wanaoweza kuibana ni wengi. Chini ya miaka miwili, mara nyingi ni virusi vinavyovimbisha vijia vidogo. Mtoto aliyekuwa akila njugu au kuchezea ushanga, akapaliwa ghafla, na tangu hapo kifua kikalia upande mmoja, huenda kitu kimekwama ndani. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kufukizwa. Mvutaji sigara wa miaka mingi huweza kuwa na mapafu yaliyoharibika. Mzee anayetweta akilala chali, na miguu imevimba, huenda tatizo lake ni moyo. Kifua kikuu nacho huweza kukandamiza njia za hewa. Wala si kila mtoto mchanga mwenye mluzi atakuwa na pumu maisha yake yote. Utafiti wa Tucson, Arizona, uliochapishwa mwaka 1995, uliwafuata watoto tangu kuzaliwa na kukuta kwamba kati ya waliopatwa na mluzi kabla ya miaka mitatu, takriban sita katika kila kumi hawakuwa nao tena walipofika miaka sita.

Hapo ndipo mama wa mtoto alipoingia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Wa kwanza kaniambia nimonia, kanipa dawa ya vijidudu. Wa pili kaniambia mzio, kanipa dawa ya maji. Wa tatu kaniambia kifua tu, kitapona. Mwanangu kanywa chupa ngapi za dawa, na hakuna hata mmoja aliyenitajia neno pumu. Sasa nani wa kulaumiwa, mimi?"

Muuguzi alikubali bila kujitetea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wagonjwa unaagiza wazi kwamba mtoto anayehema haraka na mwenye mluzi apewe kwanza dawa ya kupanua njia za hewa, kisha pumzi zake zihesabiwe upya kabla ya kuandikiwa dawa ya nimonia. Mahali penye foleni ndefu hatua hiyo hurukwa. Matokeo yake yameonekana katika utafiti mkubwa wa ACACIA, uliofanywa katika miji sita ya Afrika, Kampala ukiwa mmojawapo. Zaidi ya wanafunzi 27,000 waliulizwa kuhusu vifua vyao. Takriban asilimia 12 walikuwa na dalili za pumu, na kati ya hao ni mmoja tu katika kila watano aliyewahi kuambiwa na mtaalamu kwamba ana pumu.

"Kwa hiyo, mwanangu," Bibi alimwambia mkwewe, "si wewe peke yako."

Alama za kuangalia si ngumu. Mluzi au kikohozi kinachorudi kila baada ya muda. Kinachozidi usiku na alfajiri. Kinachokuja mtoto akikimbia au akicheka sana. Ukoo wenye pumu, ukurutu au mafua ya mzio. Na kifua kinachofunguka upesi akipewa dawa ya kuvuta. Zikikusanyika hizo, mzazi ana haki ya kuuliza waziwazi: je, hii ni pumu?

Udi, ubani na makaa

Kahawa ilipopita mara ya pili, mazungumzo yalifika kwenye chetezo, na sauti zikapanda.

"Udi ni ada yetu," alisema Bibi. "Bibi harusi hufukizwa, mgeni hufukizwa, nguo za Ijumaa hufukizwa. Nyumba isiyonukia udi ni nyumba gani? Ingekuwa udi unaleta pumu, Unguja nzima ingekuwa imelazwa."

Hoja yake ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, na utafiti unaoiunga mkono ulifanywa Oman, ambako wakazi wengi wa Mji Mkongwe wana jamaa zao. Mwaka 2009 watafiti wa huko walichapisha uchunguzi wa watoto wa skuli na ubukhuri, yaani mafusho ya kunukia, unaochomwa majumbani. Walikuta kwamba kuchoma ubukhuri hakukuongeza idadi ya watoto wenye pumu. Bibi alitabasamu aliposikia hivyo.

"Lakini nimalizie, Bibi," alisema Muuguzi. Katika uchunguzi huo huo, asilimia 38 ya watoto ambao tayari wana pumu walizidiwa na mluzi ubukhuri ulipochomwa. Kichokozi hicho kilishika nafasi ya nne, baada ya vumbi, mabadiliko ya hali ya hewa na maambukizi ya njia ya hewa. "Udi haukumpa mjukuu wako pumu. Lakini usiku ule kifua kimeshabana, ukimletea chetezo pembeni ya kitanda, unaukaza mkono ulioshika koo."

Bibi alikaa kimya kidogo. "Basi na kujifukiza kwa mvuke wa mkaratusi?"

"Mvuke hauna moshi, lakini maji ya moto yameshaunguza watoto, na harufu kali huwabana baadhi yao. Haufungui vijia vilivyokaza."

Maalim akaona mjadala unamwonea Bibi peke yake. "Udi ni dakika chache," alisema. "Makaa ni asubuhi, mchana na jioni. Taka zinachomwa nyuma ya nyumba. Dawa ya mbu ya kuchoma inawaka usiku kucha chumbani. Mbona hatuanzi huko?" Akakumbusha kwamba mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. "Mtungi wa gesi nao ni dawa ya kifua."

Katika hili Muuguzi ndiye aliyetaka tahadhari. Nchini Malawi, utafiti mkubwa uliohusisha zaidi ya watoto 10,000 wa chini ya miaka mitano uligawa majiko ya kuni yanayotoa moshi mchache, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2017, nimonia ilikuwa haikupungua. Watafiti walisema watoto waliendelea kuvuta moshi wa vyanzo vingine, zikiwemo taka zinazochomwa na sigara. Somo lake kwa Unguja ni kwamba kubadilisha jiko pekee hakutoshi kama jirani anachoma plastiki, baba anavuta sigara sebuleni, na mtoto analala na dawa ya mbu ikifuka pembeni. Chandarua kinazuia mbu bila moshi. Udi unaweza kuchomwa mtoto akiwa hayupo, madirisha yakiwa wazi, naye akarudi harufu imebaki na moshi umekwisha.

Ukuta unaotoa jasho

Fundi alikuwa kimya mpaka hapo. Alipozungumza, alinyoosha kidole kwenye ukuta wa baraza lenyewe, ambapo rangi imevimba na kubanduka, na chini yake kuna madoa meusi ya kuvu.

"Majumba haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa," alisema. "Chokaa inapumua. Maji yakiingia masika, kiangazi yanatoka. Halafu anakuja mtu na saruji, anapiga lipu ndani na nje, anadhani kaimarisha. Saruji inayafungia maji humo humo. Ukuta unatoa jasho, kuvu inaota, na mtoto kitanda chake kimeegemea pale pale."

Ni jambo ambalo wahifadhi wa Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, wamelisema kwa ajili ya majengo. Fundi alilisema kwa ajili ya mapafu, na Muuguzi hakuwa na la kupinga: nyumba yenye unyevu na kuvu inahusishwa na mluzi kwa watoto na watu wazima. Hewa ya kisiwa nayo ina unyevu mwingi mwaka mzima, na unyevu ndio uhai wa wadudu wa vumbi, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, wanaoishi kwenye magodoro na mito. Godoro la sufi la miaka mingi, lisilowahi kuanikwa, ni makazi yao. Kinyesi chao kikivutwa na mwenye mzio, vijia huvimba.

"Basi tununue godoro jipya, tumemaliza?" aliuliza mama wa mtoto.

Hapana. Tafiti zilizojumlishwa zimeonyesha kwamba kupambana na wadudu wa vumbi kwa njia moja peke yake, kama vile kufunika godoro, husaidia kidogo sana. Inafaa kufanya yote yanayowezekana kwa gharama ndogo: kuanika godoro juani, kufua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto, kusogeza kitanda mbali na ukuta wenye maji, kufungua madirisha mchana, na kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia mtoto akiwa chumbani. Paka wa Mji Mkongwe hawana haja ya kufukuzwa mtaani. Lakini mtoto ambaye macho humuwasha na kifua hubana akimshika paka, asilale naye kitanda kimoja. Na baada ya yote hayo, dawa bado itahitajika.

Hoja ya Darajani

Muuza dawa za asili alikuwa akingojea zamu yake, na alipoipata hakuja mikono mitupu.

"Nyinyi watu wa spitali mnatucheka," alisema, "lakini dawa zenu zimetoka kwetu. Mnanaha, babu zetu walikausha majani yake wakayavuta kama sigara kwa ajili ya pumu. Wazungu wakafanya vilevile, wakayafunga kwenye karatasi wakauza. Chai mnayokunywa ina dawa ya kifua. Na Wamisri wana mbegu zao za khella. Leo mnaniambia mimi ni mshirikina?"

Historia iko upande wake. Sigara za majani ya mnanaha na jamii yake ziliuzwa Ulaya na Marekani mpaka karne ya 20. Ndani ya majani hayo mna atropini, na kwa kuibadilisha wanasayansi walipata ipratropiamu, dawa ya kuvuta inayotumika mpaka leo hospitalini kwa waliozidiwa. Teofilini iligunduliwa ndani ya majani ya chai mwaka 1888, na ndiyo mzazi wa dawa ya aminofilini. Mbegu za khella zilizaa kromolini, dawa iliyotumiwa na watoto wengi wenye pumu katika nusu ya pili ya karne iliyopita.

"Hakuna anayekucheka, Sheikh," alijibu Muuguzi. "Nakuuliza jambo moja tu. Jani moja la mnanaha lina atropini kiasi gani?"

Muuza dawa alicheka. "Inategemea mti, udongo na msimu."

"Ndiyo hofu yangu. Mnanaha huohuo ukizidi, mtu anaota mchana, moyo unakwenda mbio, na mtoto anaweza kufa. Pampu ya salbutamoli, kila ukiibonyeza, hutoa mikrogramu 100. Usiku wa manane mama anahitaji kujua kampa mtoto kiasi gani."

Kuhusu habasoda, wote wawili walikutana katikati. Tafiti ndogo kadhaa zimeonyesha nafuu fulani kwa wenye pumu waliopewa habasoda juu ya dawa zao za kawaida. Hakuna iliyoonyesha kwamba inaweza kuchukua nafasi ya dawa hizo. Asali ikiwekwa kwenye chai ya tangawizi hulainisha koo na haina ubaya, ila asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Muuza dawa alikubali sharti moja, na ni sharti zito kwa mfanyabiashara: mteja mwenye pumu akija dukani kwake, atamuuzia habasoda na atamwambia asiache pampu yake.

Pampu na hofu zake

"Pampu hiyo ndiyo inayonitisha," alisema mama wa mtoto. "Watu wanasema ukiizoea huiachi tena. Inadhoofisha moyo. Ni ya wagonjwa mahututi. Shoga yangu kaniambia bora vidonge."

Ni hofu ya wazazi wengi, na imechangiwa na jambo la kweli: pampu ziko za aina mbili, na watu wengi wanaijua moja tu.

Ya kwanza ni ya nafuu, mara nyingi salbutamoli, na mara nyingi ni ya buluu. Hulegeza misuli iliyokaza ndani ya dakika chache. Haigusi uvimbe. Ya pili ni ya kinga, yenye steroidi ya kuvuta kama beklometasoni au budesonidi. Haifungui kifua papo hapo, na ndiyo maana wengi huitupa wakisema haifai kitu. Kazi yake ni kupunguza uvimbe polepole, siku baada ya siku, hata mtoto akiwa mzima. Vidonge vya salbutamoli vinavyosifiwa na shoga hupita tumboni na kwenye damu kwanza: huchelewa kufanya kazi, hutetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio kuliko dawa inayokwenda moja kwa moja mapafuni.

"Kwa hiyo anayetegemea pampu ya buluu kila siku," Maalim aliuliza, "amekosea?"

"Ameachiwa nusu ya tiba," alijibu Muuguzi. Nchini Uingereza, ripoti ya mwaka 2014 ilichunguza vifo 195 vya pumu. Kati ya waliokuwa wakitumia pampu ya nafuu, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 ndani ya mwaka mmoja. Walikuwa wakiufungua mlango kila siku, huku uvimbe ukikua nyuma yake. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la GINA, linalotoa mwongozo wa pumu duniani, lilibadilisha ushauri wake: vijana na watu wazima wenye pumu wasitibiwe tena kwa pampu ya nafuu peke yake. Wenye umri wa miaka 12 na zaidi sasa wanaweza kupewa pampu moja yenye dawa mbili, budesonidi na formoteroli, inayofungua na kutibu uvimbe kwa pamoja. Mtoto wa miaka saba kama huyu anayebanwa mara kwa mara hupewa kinga ya kila siku kwa dozi ndogo.

Mama hakuridhika haraka. "Steroidi si hudumaza mtoto?"

Alistahili jibu lisilofichwa, na alilipata. Utafiti wa Marekani uliowafuata watoto mpaka ukubwani, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba waliotumia budesonidi ya kuvuta utotoni walikuwa wafupi kwa sentimita 1.2 hivi. Hiyo ndiyo gharama, na inapimwa dhidi ya usiku wa kutapatapa, siku za skuli zinazopotea, na vidonge vya steroidi ambavyo mtoto hulazimika kumeza kila anapozidiwa. Dozi huwekwa ndogo kadiri inavyotosha, na kila baada ya kuvuta mtoto husukutua ili asiote utando mdomoni. Mazoea ya ulevi hayamo kabisa katika dawa hii.

Kisha Muuguzi aliomba chupa tupu ya maji ya nusu lita.

Watoto wengi hawawezi kubonyeza pampu na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Dawa hugonga nyuma ya ulimi na kuishia tumboni. Hospitali hutumia kichemba cha plastiki katikati ya pampu na mdomo. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha utafiti uliolinganisha kichemba cha dukani na chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliobanwa na pumu, na chupa ikafanya kazi sawasawa. Muuguzi alipasha moto waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, akatoboa kitako cha chupa, akachomeka pampu ikakaza, akazungushia utepe pembezoni pasivuje hewa. Mtoto huweka midomo yake kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi taratibu mara nne au tano, ndipo ubonyeze tena. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe, bila kufutwa kwa kitambaa.

Bibi aliishika chupa ile akaigeuza mara mbili. "Hii tu?"

"Hii, na dawa ndani yake."

"Na dawa ya kinga ipo kituoni?" mama aliuliza. "Mimi niliambiwa ya buluu ipo, hiyo nyengine nikanunue."

Hilo Muuguzi hakuweza kulijibu peke yake. Finland ililijibu kama taifa: kati ya 1994 na 2004 ilifundisha wauguzi, madaktari na wafamasia kutibu uvimbe mapema, na siku za kulazwa kwa ajili ya pumu zikapungua kwa zaidi ya nusu.

Mpira na Ramadhani

Maalim alikuwa na mambo mawili. La kwanza lilihusu uwanja. "Mzazi ananiletea barua, mtoto asikimbie. Mwengine anakaa pembeni mwaka mzima akitazama wenzake. Hiyo nayo ni tiba?"

Si tiba. Muingereza Paula Radcliffe, aliyegunduliwa kuwa na pumu tangu ujana wake, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mjini London mwaka 2003, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25. Ilidumu miaka 16, mpaka Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka 2019. Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa hucheza. Anayebanwa akikimbia hupasha mwili taratibu na, kwa ushauri wa daktari, huvuta pampu ya nafuu robo saa kabla. Kubanwa kila akicheza ni ishara kwamba kinga haijatosha.

La pili lilihusu mfungo, na hapa Maalim alipima maneno. Wanazuoni wametofautiana kuhusu pampu. Sheikh Abdulaziz bin Baz, Mufti Mkuu wa Saudi Arabia aliyefariki mwaka 1999, alitoa fatwa kwamba haimfunguzi mwenye dharura. Wengine wanaona chochote chenye mwili kinachoingia ndani kwa njia iliyo wazi hufunguza, na mgonjwa atalipa siku hiyo. "Kila mtu aulize anayemwamini," alisema. "Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema mgonjwa abanwe mpaka afe. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani. Na mtoto asiyebaleghe, saumu haijamlazimu."

Muuguzi akaongeza jambo linalowapunguzia wengi mzigo: pampu ya kinga ya mara mbili kwa siku inaweza kuvutwa wakati wa daku na wakati wa futari. Anayeiacha mwezi mzima kwa kuogopa ndiye anayefika Idi akiwa wodini.

Usiku wenyewe

Hata kinga ikishika, usiku wa kubanwa unaweza kuja, na wote sita walikubaliana kwamba kila mtu nyumbani ajue la kufanya, pamoja na dada wa kazi na kaka mkubwa. Mkalishe mtoto wima, usimlaze. Toa moshi wote chumbani. Mpe pampu ya nafuu kwa chupa, mibonyezo minne, mmoja mmoja, pumzi nne kila mmoja. Ngoja dakika nne. Kama hajafunguka, rudia, na hapo hapo tafuta gari. Endelea kumpa njiani.

Usingoje chochote ukiona anashindwa kumaliza sentensi, ngozi chini ya mbavu inazama kila akivuta pumzi, ulimi na fizi zinageuka buluu, au anasinzia. Na kuna alama moja inayowadanganya wazazi: mluzi ukikatika ghafla huku mtoto bado anahangaika, hajapona. Hewa inayopita imekuwa ndogo mno hata haiwezi kutoa sauti.

Hukumu

Baraza lilikuwa na haki katika mengi. Bibi ana haki kwamba udi haukuleta pumu. Muuza dawa ana haki kwamba tiba nyingi zimeanzia kwenye mimea, na Fundi kwamba ukuta wenye maji ni tatizo la afya. Mama ana haki zaidi ya wote: aliuliza, na hakujibiwa kwa wakati. Lakini swali la mwanzo lina jibu moja. Uvimbe wa pumu upo hata siku za amani, kwa hiyo pumu hutibiwa siku hizo, kwa dawa ya kinga, kila siku, kabla mluzi haujasikika.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa za kuvuta ni adimu na pumu haitambuliwi. Wizara ya Afya Zanzibar ihakikishe kwamba pampu ya kinga inapatikana kila kituo cha afya, Kivunge na Makunduchi kama mjini, na kwamba kila mhudumu anajua kuitumia kwa chupa. Nawe mzazi ambaye mwanao kifua kimelia zaidi ya mara moja, nenda kituoni wiki hii, akiwa mzima, uulize mambo matatu: je, hii ni pumu, je, anahitaji dawa ya kinga, na je, utanionyesha namna ya kumvutisha.